Hotuba ya Uzinduzi wa Injini Mpya ya Kupachika kwa Daraja la Kiwandani la Boti za Modeli

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na akina baba mliowahi kufika kabla jua la Texas halijapanda, na ninyi vijana mlioacha usingizi wenu wa Jumamosi kwa ajili ya mashine inayoenea kiganjani: habari za asubuhi, na karibuni sana bwawani.

Nimeombwa nizungumze kwa Kiswahili kwa sababu wengi wenu ndiyo lugha mliyoanzia kutaja spana na bisibisi, na wenyeji wetu wasioielewa wamekwisha kupewa karatasi yao ya Kiingereza pale mezani. Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia neno moja tu: "Mzee, isifu mashine." Nimeifungua, nimeipima, nimeifunga tena, na sifa ya kwanza ninayoweza kuitoa mbele yenu kwa moyo mweupe ni kwamba haina mbio za kutisha. Zipo injini za ujazo huu huu zinazouzwa leo ambazo zitaiacha nyuma kabla haijafika boya la kwanza, na anayezitaka ana haki ya kuzitafuta na daraja lake la kushindania analo. Nalisema hili mapema ili asije mtu kwangu mwezi ujao akilalamika kuwa aliuziwa mbuzi kwenye gunia.

Injini hii imetengenezwa kwa ajili ya daraja la kiwandani, yaani lile daraja ambalo mashine huingia majini kama ilivyotoka kwenye sanduku lake, bila kuongezwa, kupunguzwa, kuchongwa wala kupakwa kitu. Katika daraja hilo mbio za mashine moja peke yake hazina maana kubwa. Swali ninalotaka mnisaidie kuliuliza asubuhi hii ni jingine: je, ukiziweka mbili kando kwa kando, ukazibadilisha usiku wenyewe wamelala, kesho yake wenyewe watajua? Mimi, mkaguzi wenu, kwa siku kadhaa nimekuwa nikilijibu swali hilo kwa mikromita, kile kipimio cha unene mdogo sana, na kwa taa, na nitawaeleza nilichokiona.

Naomba kwanza hii iliyo mkononi mwangu ipitishwe kwa wote. Silinda yake ina sentimita 3.5 za ujazo. Kijiko cha chai hubeba takriban sentimita 5 za ujazo, kwa hiyo anayetaka kuijaza silinda hii maji hahitaji hata kijiko kizima. Katika nafasi hiyo ndogo pistoni hupanda na kushuka mara 20,000 na zaidi kwa dakika moja, na kwa kuwa ni mashine ya mipigo miwili, mafuta huwaka kila inapomaliza mzunguko mmoja, yaani zaidi ya mara 330 katika kila sekunde. Haina koili, na haibebi betri ya kuwashia. Plagi yake ina uzi mwembamba wa platini ambao hupashwa moto kwa betri ndogo ya volti moja na nusu wakati wa kuanza. Mashine ikishapokea unaiondoa betri, na uzi ule unaendelea kuwa mwekundu wenyewe kwa sababu ya joto la silinda na kwa sababu methanoli inapogusana na platini huzaa joto. Ray Arden ndiye aliyeileta plagi ya namna hii sokoni hapa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940, na tangu hapo mchezo huu ukaacha kubeba mzigo wa koili na nyaya.

Tazameni sasa mguu wake. Waliofanya kazi na wavuvi wa kwetu wanaujua mguu wa injini ya kupachika: shafti inashuka wima, inakutana na gia chini, na gia ndizo zinazougeuza mzunguko uelekee nyuma kwenye propela. Injini hii haina gia hizo. Kilichomo ndani ya mguu ni waya uliosokotwa, unaopita katika mrija uliopindwa, nao unajipinda taratibu kutoka wima hadi kulala, ukiwa unazunguka muda wote. Mara ya kwanza nilipouona nilidhani nimepewa mguu uliopungua kitu. Kwa kuwa hakuna gia, mzunguko mmoja wa injini ni mzunguko mmoja wa propela, na hilo linatuwezesha kupiga hesabu hata mchangani kwa kidole. Propela tulizozizoea za kampuni ya Octura zimeandikwa namba zinazojieleza: ile ya X442 ina kipenyo cha milimita 42, na ile 4 ya mwanzo inakuambia kwamba lami yake, yaani umbali ambao ingesogea kwa mzunguko mmoja, ni kipenyo hicho mara 1.4, ambayo ni milimita 58.8. Zidisha kwa mizunguko 20,000, utapata mita 1,176 kwa dakika, ambazo ni takriban kilomita 70 kwa saa, kama maji yangekuwa mbao na propela ingekuwa skrubu. Maji si mbao, kwa hiyo tunapata pungufu ya hapo. Ila hesabu hiyo inawaonyesha njia zote za kuongeza mwendo, halali na haramu: ama uongeze mizunguko, ama uongeze lami, ama upunguze kinachopotea njiani. Kila udanganyifu nilioukamata mezani kwangu ulikuwa unatafuta mojawapo ya hayo matatu.

Na kwa kuwa nimeutaja udanganyifu, ni vizuri nianze na wa kwangu mwenyewe, maana wapo hapa wanaoujua na wananitazama.

Mwaka wangu wa pili katika mchezo huu nilikuwa na injini nzuri iliyokuwa ikizidiwa kidogo kila inapoingia kwenye mnyoofu. Boti ilikuwa sawa, propela ilikuwa sawa, na mkono wangu kwenye rimoti niliuona uko sawa pia, kwa hiyo lawama yote niliibebesha mashine. Usiku mmoja niliitoa silinda, nikachukua tupa ndogo ya sindano, nikaupandisha ukingo wa juu wa dirisha la kutolea moshi kwa kiasi cha unene wa karatasi mbili. Ukingo ule ukipanda, dirisha linafunguka mapema zaidi na kubaki wazi kwa muda mrefu zaidi. Mashine inapoteza nguvu kidogo chini, lakini juu inaruhusiwa kuzunguka kwa kasi ambayo kiwanda hakikuikusudia. Nikapitisha msasa laini, nikaosha, nikafunga. Kesho yake nilishinda raundi tatu mfululizo, na nikiri kwamba nilizifurahia.

Mkaguzi wa siku ile alikuwa mzee mwenye kofia ya majani, mpole, asiye na maneno. Alikifungua kichwa cha silinda, akachomeka kipande cha shaba alichokikata mwenyewe kiwe kipimo cha dirisha, akakiona kinacheza mahali ambapo kilipaswa kukaa. Hakusema kitu. Akawasha taa, akaweka kioo cha kukuza, akanipisha nitazame. Mikwaruzo ya mashine ya kiwandani ilikuwa inakwenda wima, imenyooka kama mistari ya daftari, na kwenye ukingo wa juu ilikuwako mikwaruzo mingine midogo inayokwenda ulalo. Mkono wa mtu una njia yake, na tupa huiandika. Alinirudishia injini imefungwa vizuri kuliko nilivyomkabidhi, akaniambia asante, na jina langu likapigwa mstari kwenye karatasi ya matokeo. Nilikaa garini muda mrefu siku ile. Msimu uliofuata nilikwenda kwake nikamwomba anifundishe kukagua, na hivi mnavyoniona ndivyo nilivyopata kiti hiki.

Kilichonisumbua baadaye hakikuwa ile aibu pekee. Katika karakana yetu ya wakati ule tulikuwa watu wengi kwenye daraja moja. Alipoonekana mmoja amechonga, wa pili naye alichonga ili asibaki nyuma. Wa tatu, ambaye hakuwa na mkono wa kuchonga, alimlipa fundi. Na wa nne, kijana aliyekuwa akinunua galoni moja ya mafuta kwa mshahara wa wiki, aliacha kuja. Hakuaga. Meza yake ilikuwa wazi Jumamosi moja, kisha mbili, kisha tukaanza kuweka makoti yetu juu yake. Daraja zima lilikwisha hivyo, bila ugomvi wowote, na watu walipouliza sababu tuliwaambia kuwa mchezo una gharama.

Baadhi yenu mtaniuliza kwa nini basi tusiendelee na zile za zamani. Wazee wengi wa mchezo huu nchini hapa walianzia kwenye K&B ya ujazo huu huu wa 3.5, na herufi zile mbili ni za majina ya waanzilishi, Kading na Brodbeck. Ilikuwa mashine nyepesi kuielewa, ilitoka kwa wingi, na kwa miaka mingi ukisema injini ya kupachika ya kiwandani watu waliona picha hiyo kichwani. Kampuni hiyo ilikuwa California, kisha ikahamia Lake Havasu City, Arizona, na hapo naomba mnivumilie kwa kisa kidogo. Mji huo wenyewe ni mtoto wa injini za kupachika. Robert McCulloch, tajiri wa misumeno ya mnyororo, alilinunua eneo lile la jangwa kando ya ziwa akitafuta mahali pa kujaribia injini zake za boti, na ndipo mji ukaota. Ndiye yule aliyelinunua Daraja la London mwaka 1968, akalisafirisha mawe kwa mawe na kulijenga upya jangwani, ambako lilifunguliwa mwaka 1971. Hilo, kijana wangu uliyeinua mkono, ni daraja la kupita watu, halishindaniwi.

Nirudi kwenye hoja. Nilipoanza ukaguzi, K&B nyingi nilizowekewa mezani zilikuwa za mkono wa pili au wa tatu. Moja ilikuwa na silinda ya mwaka huu na kichwa cha mwaka ule. Nyingine ilikuwa na shafti iliyopunguzwa uzito na mtu aliyekwisha kufariki, na mwenye nayo alikuwa anaapa kwa dini yake kwamba haijaguswa, naye alikuwa mkweli kwa kadiri alivyojua. Mkaguzi anakuwa hana kauli pale ambapo hakuna mashine safi ya kulinganisha nayo. Kanuni inasema "kama ilivyotoka kiwandani", lakini iliyotoka kiwandani iko wapi tuione? Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, na hapo ndipo ilipokuja haja ya injini hii mpya, ambayo imeanza na vipuri vyake, michoro yake na vipimo vyake vikiwa vimewekwa mezani siku ile ile.

Sasa niwaeleze nilichokipima. Karakana iliyoitengeneza ilituletea masanduku 18. Sikutaka kupewa moja iliyochaguliwa, kwa sababu aliyekuchagulia embe sokoni amekuchagulia na maoni yako. Nilizifungua zote. Nilipima kipenyo cha pistoni, kimo cha madirisha yote, uzito wa shafti, upana wa koo la kabureta na ujazo wa chumba cha mwako, huu wa mwisho kwa sindano ya hospitali na mafuta mepesi, tone kwa tone, mpaka jirani yangu alipofikiri ninachanja mashine dhidi ya surua. Vipande vya shaba nilivyovikata kwa ile ya kwanza viliingia kwenye 17 bila kulazimishwa na bila kucheza. Katika ile ya kumi na moja dirisha la moshi lilikuwa chini kuliko inavyotakiwa. Mashine hiyo ingekuwa na mbio ndogo kuliko wenzake, na mtu mmoja, simtaji, aliniambia niiache tu, kwani haimdhulumu mtu. Inamdhulumu atakayeipata. Nimeirudisha, ndiyo maana leo mnaona masanduku 17 mezani na nafasi moja iko wazi katika mstari.

Ndugu zangu, wako watu waliokwisha kulifikiri jambo hili kwa miaka mingi kuliko sisi, tena kwa boti kubwa za kupandwa na watu na kwa fedha nyingi mno. Nchini Japani kuna mashindano ya boti yanayochezewa kamari kwa sheria ya serikali, na mbio za kwanza zilikimbizwa Omura mwezi Aprili mwaka 1952. Leo kuna viwanja 24. Kila mbio zina boti sita, mizunguko mitatu ya mita 600, na injini zote ni za kupachika, zote zinatoka kampuni moja ya Yamato, zote za aina moja. Lakini kinachonivutia ni hiki: mkimbiaji haji na injini yake. Injini ni mali ya kiwanja. Mkimbiaji anafika siku moja kabla, anapiga kura, na namba iliyomtokea ndiyo injini atakayoishi nayo kwa mashindano yale yote, awe bingwa wa taifa au mgeni aliyemaliza chuo jana. Wakati wa kuanza hawasimami mstarini. Wanakuja kwa kasi huku wakiitazama saa kubwa, na wanatakiwa kuukata mstari katika sekunde moja baada ya mshale kufika sifuri. Anayetangulia ameharibu, na anayechelewa ameharibu. Waliokwisha kukimbiza boti chini ya kanuni za NAMBA au IMPBA, vyama vya boti za modeli, wanaijua adha hiyo ya saa, kwa sababu na sisi tunaanza kwa namna hiyo hiyo, tukizunguka na kubanana mpaka hesabu inapokwisha.

Nisiwapambie lakini. Hata kule, pamoja na ulinganifu wote huo, injini hazilingani kabisa. Wapiga kamari wa Japani hununua gazeti na kusoma rekodi ya kila injini kwa namba yake, ni mara ngapi imefika katika mbili za kwanza, na wapo wanaomwekea dau injini kabla hawajatazama jina la mkimbiaji. Chuma kilichomiminwa katika kalibu moja bado kina siri zake. Kwa hiyo anayeniambia kuwa mashine zetu 17 ni sawa sawia namwambia hapana. Zinafanana kiasi kwamba kipimio changu hakioni tofauti, na maji pengine yataiona. Ndiyo maana napendekeza tuichukue na ile nusu ya pili ya busara yao, ambayo ni kura. Tofauti ambayo hatuwezi kuiondoa, basi na igawiwe bila upendeleo.

Nimekulia Tanga, na pale Deep Sea, wakubwa walipokuwa wakisubiri mashua zirudi, sisi watoto tulikuwa tukishindanisha vigalawa vya kuchonga kwenye maji ya kina kifupi. Sheria yetu ilikuwa moja tu: matanga yote yakatwe katika mfuko mmoja wa plastiki, mbele ya wote, na mkataji achukue la mwisho. Hatukuwa na mikromita. Aliyekataa sheria hiyo alipeleka kigalawa chake akacheze na mawimbi.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, kabla injini hizi hazijaonja maji naomba kikao kikubali mambo machache, na nayasema hadharani ili yaandikwe. Injini moja kati ya 17 haitauzwa. Itatiwa lakiri, itahifadhiwa na chama, na itakuwa ndiyo shahidi wetu: kukitokea ubishi juu ya neno "kiwandani", tunaifungua hiyo tunaitazama. Mafuta ya siku ya mashindano yatoke pipa moja, yakiwa na kiasi kimoja cha nitromethani, kile kiungo cha kuongeza nguvu, kwa sababu si haki kumkataza mtu tupa halafu ukamwachia chupa. Propela iwe ya namba moja iliyokubaliwa, isichongwe wala kunolewa, ingawa najua hapa nitapata maadui, kwa maana wapo mafundi kati yetu ambao propela kwao ni kama kinyago kwa Mmakonde, na kazi yao ni ya kupendeza kwelikweli. Waende nayo kwenye madaraja ya wazi, tutawapigia makofi. Na mwisho, mshindi wa siku awe tayari kumuuzia mashine yake mwanachama yeyote aliyekimbia naye, kwa bei ya dukani, hapo hapo ufukweni. Kanuni ya namna hii hutumika katika mbio za magari za bei nafuu, na inafanya kazi kubwa kuliko mkaguzi, kwa kuwa hakuna mtu anayetumia usiku wake kuchonga kitu anachoweza kulazimishwa kukiuza asubuhi kwa hasara.

Sasa nizungumzie jambo ambalo litaharibu mashine nyingi kuliko udanganyifu, nalo ni haraka ya mnunuzi. Pistoni ya injini hii ni ya aluminiamu, na silinda yake ni ya shaba iliyopakwa kromu kwa ndani, tena haikunyooka: juu ni nyembamba kidogo kuliko chini. Ikiwa baridi, ukiizungusha kwa mkono utasikia inakaza pistoni inapofika juu kabisa, mpaka utadhani imekwama. Haijakwama. Imepangwa hivyo kwa sababu ikipata moto, sehemu ya juu ya silinda hupanuka zaidi, na nafasi inakuwa sawasawa. Mtu asiyejua hili huizungusha ikiwa baridi kwa nguvu zake zote, au huiwasha na kuiendesha kwa mafuta mengi kupita kiasi huku ikitema moshi na maji yakiipoza, akidhani anaibembeleza, na kumbe muda wote huo pistoni inasugua mahali palipobana. Ipashe kichwa joto kwanza, hata kwa mashine ya kukaushia nywele, na nyumbani muombe ruhusa mwenye nayo. Iwashe, iache ifike joto lake la kazi, uifungulie mafuta kidogo zaidi ya kawaida, iendeshe dakika mbili, izime, iache ipoe kabisa, na hakikisha pistoni imesimama chini. Rudia hivyo mara kadhaa kabla hujaidai mwendo. Tangi la kwanza na la pili ndiyo malezi yake.

Mafuta yetu yana methanoli, nitromethani na mafuta ya kulainishia, na katika hayo ya kulainishia yamo ya nyonyo. Harufu ile inayowajia bwawani, wenzangu mliolelewa na bibi, ni nyonyo yule yule tuliyekuwa tukinyweshwa shule zikifungwa, na mimi hadi leo tumbo hunikumbusha. Lakini methanoli nayo ina hila mbili mnazotakiwa kuzijua. Inanyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo mashine iliyoachwa na mafuta ndani usiku kucha hutafunwa beringi zake na kutu. Mwisho wa siku chomeni mafuta yote yaishe, kisha dondosheni mafuta laini ya kuhifadhia kwenye kabureta na kwenye tundu la plagi. Hila ya pili ni kwamba moto wake juani hauonekani. Nimemwona mtu akipunga mkono wake kama anayefukuza nyuki, na sisi tukacheka, mpaka tulipoona nywele za mkono zinajikunja. Ndoo ya maji ikae karibu na kila meza, na mtoto asishike chupa.

Wageni wetu watakaotazama mchana wajue tu wanachokiona. Mzunguko wetu ni sehemu moja ya sita ya maili, yaani takriban mita 268, na boti huzunguka mara sita kutimiza maili moja. Mshindi wa raundi hupata pointi 400, wa pili 300, wa tatu 225, na kuendelea kushuka hivyo. Leo hatutakimbia kwa pointi. Mashine hazijalelewa.

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo lililotuleta. Masanduku 16 yaliyobaki yana namba juu, na ndani ya ile ndoo nyekundu aliyoishika Mwenyekiti kuna vipande 16 vya karatasi vilivyokunjwa, nami nimevikunja mbele ya mashahidi wawili ambao hawanunui injini. Waliokwisha kulipa ni 16. Mimi mwenyewe ni mmoja wao, na nitachota wa mwisho, kwa kuwa ndiye niliyezipima. Atakayechota asome namba kwa sauti, aisubiri iandikwe daftarini pamoja na namba iliyopigwa muhuri kwenye kizimba cha mashine, ndipo achukue sanduku lake. Hakuna kubadilishana mpaka msimu uishe, hata kwa mume na mke. Tunaanza na aliyekaa nyuma kabisa, kwa sababu alifika akakuta viti vya mbele vimekwisha na hakulalamika. Ndugu wa shati la kijani, karibu mbele, na mwenye sampuli yangu tafadhali anirudishie. Hiyo ndiyo ya kutiwa lakiri.